Ndege Haikukosa Moto

Kwako swahiba Idrisa,

Salamu nyingi. Ile video uliyonitumia, ya ndege kubwa inayomwaga kitu chekundu karibu na moto wa msituni, nimeitazama mara tatu, na maneno yako yamenichekesha: "Lidege lote hilo, halafu linakosa moto!" Nimeona hili halijibiki kwa mstari mmoja.

Halikukosa, ndugu yangu. Ule mkanda mwekundu wa dawa haukukusudiwa kumwagwa juu ya moto. Unawekwa mbele yake, kwenye nyasi na miti ambayo bado haijaungua. Wala si maji matupu. Yamechanganywa na chumvi za fosfeti, jamii ya zile za mbolea, na ule wekundu ni rangi tu, ili rubani anayefuata aone mwenzake ameishia wapi. Maji yakikauka, chumvi inabaki imeganda kwenye majani, na jani lililopakwa likipata joto hugeuka mkaa badala ya kuwaka. Moto ukifika hapo unapungua kasi. Haufi. Wa kuumaliza ni watu walio chini, wenye majembe, misumeno na tingatinga, na wakichelewa, moto hutafuta upenyo ukavuka.

Sasa hilo lidege lenyewe. Ni DC-10, ile yenye injini ya tatu mkiani, aina iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1970. Mashirika mengi ya abiria yalikwisha kuachana nayo, mafundi wakaifunga tangi chini ya tumbo, na mwaka 2006 ikaanza kupambana na moto California. Inabeba zaidi ya lita 35,000, na ikihitajika inazimwaga zote kwa sekunde 8 hivi. Hebu jiweke kwenye kiti cha rubani: uko futi 250 hivi juu ya miti, milima kushoto na kulia, moshi, hewa inarukaruka kwa joto, na ghafla zaidi ya tani 35 zinakutoka tumboni. Ndege inataka kupaa yenyewe na wewe unaizuia! Hapo ndipo mimi hushika kichwa. Mwaka 2007 moja iligonga vilele vya miti katika Kern County, California, bawa likaharibika, ikabahatika kutua salama. Mwaka 2023 Boeing 737 iliyokuwa kwenye kazi hiyohiyo ilianguka Australia Magharibi, na marubani wake wawili wakatoka hai. Nikiona picha za mabaki yake, siamini.

Najua utaniuliza: kwa nini wasitumie kubwa zaidi? Walijaribu. Ilikuwepo Boeing 747 yenye uwezo wa kubeba lita 74,000 hivi, ikapelekwa Chile mwaka 2017 na Bolivia mwaka 2019. Ilipendwa mno na wapiga picha. Lakini ndege ya namna hiyo inahitaji njia ndefu ya kurukia, na viwanja vya kuipokea na kuijaza ni vichache, kwa hiyo muda mwingi unaishia njiani, kwenda na kurudi. Gharama nazo hazikungoja msimu wa moto. Mwaka 2021 kampuni ikasimamisha kazi, ndege ikauzwa. Kwa maoni yangu, jeti za wastani zinazobeba lita 11,000 hivi, zikarudi upesi na kumwaga tena, mara nyingi zinasaidia zaidi, ila hakuna anayezirekodi video.

Halafu kuna upepo. Januari 2025, moto ulipolipuka Los Angeles, usiku ule wa kwanza upepo ulikuwa mkali hata ndege zikazuiwa kuruka. Na hata zingeruka, dawa ingepeperushwa kabla ya kugusa ardhi. Watu walilalamika mtandaoni: ndege ziko wapi? Wakati huo cheche zilikuwa zinarukia nyumba hata nyumba, na mkanda mwekundu hauzuii cheche inayopita juu yake.

Nina ombi moja. Itazame tena ile video, lakini safari hii liache hilo lidege. Angalia mbele yake, upande wa kulia, kabla halijaonekana. Kuna kindege kidogo kinapita palepale, chini vilevile, kikiacha moshi mweupe. Hicho ndicho kinachoonyesha pa kuanzia kumwaga, na rubani wake ameshaipita njia ile kabla, peke yake, kupima kama panapitika. Mimi nilikiona mara ya tatu.

Wako,
Hamadi