Dume wa nyati: tusiangalie ndoo peke yake

Habari zenu wanakikundi. Kabla hatujaamua tutatumia mbegu za dume yupi kwa nyati wetu wa kufugwa wa maziwa, naomba tusihesabu lita za maziwa ya mama yake tu. Nyati hubeba mimba miezi kumi na zaidi. Akichelewa kushika, mwaka unapita bila ndama na maziwa yamekauka. Uwezo wa kuzaa haurithiwi kwa nguvu kama wingi wa maziwa, kwa hiyo rekodi ya jike mmoja haitoshi. Tunahitaji za majike wengi waliozaliwa na dume huyo. Leteni tarehe za kuzaa, kupandishwa na kushika mimba. Na joto la nyati, yaani hali ya jike kutaka dume, ni la kimyakimya, mara nyingi usiku, basi asiyechungulia zizini alfajiri asituambie "hakuingia joto". Daftari zifike kabla ya Jumamosi.