Mlemavu atozwe nauli ya mtu mmoja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana wa darasa la tatu, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Juma lililopita mlitoa habari ya wakubwa waliokaa hotelini siku mbili wakizungumzia usafiri wa wazee, walemavu na watu wa kipato kidogo hapa Pwani ya Kenya. Nimeirudia habari ile mara mbili kutoka juu hadi chini. Nimeona madaraja, nimeona bandari, nimeona mabilioni. Mlango wa matatu sikuuona, wala utingo, wala nauli ya kutoka Tiwi hadi feri ya Likoni, inayotuvusha kuingia kisiwani Mombasa. Nilisikitika mno, maana mambo yanayotuzuia kutoka nyumbani ni hayo hayo yasiyotajwa.

Mimi ni mstaafu wa miaka 71, mkazi wa Tiwi. Naishi na ndugu yangu mkubwa, ambaye alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Anatumia kiti cha magurudumu. Kliniki yake ni kila Jumanne ya pili ya mwezi, kisiwani Mombasa.

Sasa nisikilize, nikueleze Jumanne moja tu. Tulifika stejini saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijatoka, kwa sababu kadi za kliniki hukusanywa saa mbili. Tukakaa chini ya mwarubaini. Matatu ya kwanza ikapunguza mwendo, utingo akachungulia, akakiona kiti, akapiga bodi kwa kiganja mara mbili, gari likaenda zake. Ya pili vivyo hivyo. Ukikaa kando ya barabara ile muda mrefu unajifunza kuusikiliza mlio wa kile kiganja: mara moja ni simama, mara mbili ni twende. Nilihesabu gari tisa zilizopigwa mara mbili, na ndani ya kadhaa niliona viti vitupu kwa macho yangu. Ya kumi ikasimama. Utingo akaniambia, "Mama, hiki kiti kinachukua nafasi ya mtu. Mtalipa watatu." Nikamwambia kiti kinakunjwa, nitakipakata mwenyewe. "Watatu, mama, ama mngoje nyingine." Nauli ni shilingi 100 kwa mtu, nikatoa 300. Akashuka, akamkamata ndugu yangu kwapani kwa nyuma, akamwinua kama gunia la mbata, bila kumwuliza anashikwa wapi, bila kumwambia ajiandae. Kikoi kikafunguka. Mhariri, huyu ni mtu aliyesomesha madrasa zaidi ya miaka 30. Katika abiria wa gari lile walikuwamo waliosoma alifu kwake. Akabaki amening'inia pale mlangoni, mkono mmoja umeshika ukingo wa mlango, mwingine unatafuta kikoi na haukipati. Abiria waligeuza nyuso zao, Mungu awalipe heri. Nikavua leso niliyojitanda nikamfunga nayo kiunoni. Hadi tunafika Likoni hakutamka neno. Midomo yake ilikuwa ikicheza, akisoma kitu kimoyomoyo, na mimi sikuthubutu kumtazama.

Feri haimtozi mwenda kwa miguu hata senti, na hiyo ni rehema kubwa kwa maskini wa Pwani ya Kusini, isije ikaguswa. Lakini kuna ule mteremko wa kushukia, na kila anayevuka pale anaujua. Asubuhi lango likifunguliwa watu huteremka mbio, kila mmoja anawahi kazi yake. Nilikuwa nimeshika vishikio vya kiti kwa nguvu zangu zote, visigino nimevikita chini, na kiti kinanivuta kuelekea majini. Waliotuokoa ni hamali wawili wa mkokoteni wa madafu. Mmoja alifunga kamba kwenye vyuma vya kiti akabaki nyuma akizuia, kama wanavyozuia mzigo mzito. Mwenzake akatangulia mbele akiwapigia watu kelele wapishe. Tulipofika upande wa pili wakatupandisha mlima vile vile, kisha wakarudi kuuchukua mkokoteni wao. Nilipowapa pesa walikataa, wakamwomba mzee awaombee dua tu. Kama wale wa hotelini wanataka mtu wa kuwafundisha jinsi ya kumvusha mlemavu Likoni, nasema kwa moyo wangu wote wawaite vijana kama hawa, wawakalishe kiti cha mbele na wawasikilize.

Kutoka pale tulipanda tuktuk kwa shilingi 200, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira. Tulifika saa nne na dakika ishirini. Kadi zilikuwa zimeshafungwa. Simlaumu karani wala daktari, maana foleni waliyokuwa nayo niliiona. Tukarudi njia ile ile na kwa bei ile ile. Siku nzima, shilingi 1,000, na ndugu yangu hakuonwa na mtu.

Hiyo 1,000 naitaja kwa sababu. Ndugu yangu hana pensheni. Anategemea Inua Jamii, ruzuku ya Serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Kwa hiyo safari moja ya hospitali imekula nusu ya mwezi wake. Na hizo pesa zenyewe, kabla hazijamfikia mkononi, zilishatutesa barabarani. Kuna mwezi mmoja tulikwenda kwa wakala kuzichukua, ile mashine ikakataa kidole chake. Ikajaribiwa gumba, ikajaribiwa cha shahada, ikajaribiwa mkono wa kushoto. Vidole vyote vimelika kwa miaka ya kusokota kamba za makumbi alipokuwa akitafuta cha kuongezea ujira wa madrasa. Tukaambiwa twende tawi la benki Ukunda, na aende mwenyewe, mimi dadake wa tumbo moja siwezi kumwakilisha. Tukapanda matatu tena, tukalipa watu watatu tena, tukafika, tukaambiwa mtandao umekatika. Mtu anayemwekea mzee fedha mahali ambapo mzee hawezi kufika amempa nini? Wakala anaweza kupakia ile mashine kwenye bodaboda akaja nayo nyumbani. Ni ndogo, inaenea kiganjani. Ndugu yangu ndiye asiyeweza kupakiwa kwenye bodaboda.

Nirudi kwenye usafiri. Sheria tunazo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata usafiri wa umma, na Kifungu cha 57 kinataka mzee aishi kwa heshima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwaamuru wenye magari ya abiria wayatengeneze yawafae walemavu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameshachukua kitambulisho na kupiga kura, na mimi katika barabara hii ya Likoni hadi Lunga Lunga sijaona matatu hata moja iliyoongezwa kipande cha ubao kwa ajili ya mtu asiye na mguu. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya mahali pa ile. Naiombea mema, lakini nitaiamini siku nitakayoiona stejini.

Halafu tunaambiwa Serikali imefanya mengi, na kweli imefanya. Daraja la miguu la Liwatoni, la kuvukia kutoka Likoni hadi kisiwani, lilipofunguliwa mwanzoni mwa 2021 nilifurahi pamoja na wenzangu, ila lilikuwa mita 824 za kutembea, na ndugu yangu hatembei. Barabara ya Dongo Kundu nayo imekamilika. Daraja la Mteza pekee lapita kilomita moja, na unaweza kutoka Kusini ukaingia Mombasa bila kuigusa feri. Wenye magari yao wanashukuru usiku na mchana. Lakini matatu ninazozijua mimi hapa Tiwi zote zinaishia Likoni. Asiye na gari, barabara ile kwake ni ya kuonyeshwa kwa kidole.

Ninachoomba si kikubwa. Naomba basi moja, lenye sakafu ya chini na ubao wa kupandia, liwe la Jumanne na Alhamisi. Liondoke Ukunda saa kumi na moja kamili alfajiri, lisimame Tiwi, Kombani, Waa na Ng'ombeni, likate kwa Dongo Kundu, lipite Changamwe na Makupa hadi mlangoni mwa hospitali. Saa nane mchana lirudi. Nauli iwe ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, na kiti cha magurudumu kihesabiwe kuwa ni mguu wake, kwa sababu ndivyo kilivyo. Kaunti mbili, Kwale na Mombasa, haziwezi kushindwa kuchangia dizeli ya basi moja siku mbili kwa juma.

Na hadi basi hilo lipatikane, kila chama cha matatu kinunue mbao mbili za mvule zenye urefu wa futi sita, zipigiliwe vipande vya mpira wa tairi kwa misumari zisiteleze, ziwekwe chini ya kiti cha nyuma. Seremala yeyote wa Kombani anazitengeneza kwa siku moja. Kisha utingo afundishwe maneno matatu ya kumwambia mzee kabla hajamgusa: "Mzee, nikushike wapi?" Tangu siku ile ndugu yangu amekataa kuvaa kikoi akisafiri. Amenituma nimshonee suruali, upande mmoja umekunjwa na kushonwa kabisa, na mkanda wa kukaza. Hajawahi kuvaa suruali tangu alipoacha shule.

Jumanne ijayo tutakuwa pale stejini Tiwi, chini ya mwarubaini, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwandishi wako aliyekwenda hotelini na aje tusafiri naye. Nauli yake nitamlipia, na akiweza kusaidia kushika kiti pale kwenye mteremko nitamshukuru sana.

Mwalimu mstaafu,
Tiwi, Kwale