Kikao cha maziko yasiyoharibu ardhi

Assalaamu alaykum, ndugu wanachama.

Tutakutana Jumamosi saa 10:30 jioni, baada ya sala ya Alasiri, kwenye baraza ya msikiti wetu hapa Wete. Maiti wetu huzikwa kwa sanda tu, na jeneza la msikiti hurudi likamchukua mwengine, jambo ambalo haliachi taka ardhini. Ila saruji tunayojengea makaburi, na chupa za plastiki zinazotapakaa baada ya khitma (kisomo cha kumuombea maiti), zinanisikitisha sana.

1. Mchango wa sanda za pamba tupu, karafuu maiti (kafuri) na viunza (mbao za kumfunikia maiti kaburini) ni shilingi 5,000, ufike kwa mshika fedha kabla ya Ijumaa.
2. Tunaomba wenye sahani na vikombe vya kuoshwa na kutumiwa tena kwenye khitma wajitokeze.

Tafadhali thibitisheni humu kabla ya kesho usiku.