Yale si zege, ni jiwe la ufukweni

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji aliyetembelea Unguja, akaona mabamba ya mawe meusi mbele ya hoteli, akasema ni zege lililomwagwa na wajenzi na lafaa livunjwe liondolewe. Mimi ni fundi mwashi hapa Nairobi, nachanganya saruji kila siku ya Mungu, na mama yangu ni wa mashariki ya Unguja. Yale si zege, ni mchanga wa ufukweni ulioganda ukawa jiwe.

Ninacho kipande chake nyumbani Pangani, kinaenea kiganjani. Hakina kokoto hata moja. Kina punje za mchanga, vipande vya matumbawe, simbi ndogo nzima, na ubavuni kigae cha chupa ya kijani kilichoshikwa barabara. Nilijaribu kukibandua kwa patasi. Kigae kikavunjika, jiwe likabaki. Basi, kwa kuwa limeshika chupa, jiwe hilo si la kale na kale. Huweza kuganda kwa miongo michache, pengine kwa miaka tu.

Hugandia chini ya mchanga, pale maji yanapojaa na kupwa. Maji ya bahari yenye joto yana chokaa iliyoyeyuka. Yakipwa, jua hukausha yaliyobaki kati ya punje, hewa ya kaboni dioksidi hutoka, na chokaa huzishika punje kwa visindano vyembamba vya madini ya aragoniti. Kwingine maji matamu yanayochuruzika kutoka nchi kavu nayo huchangia, hata vijidudu. Na kwa kuwa hugandia ndani ya mchanga, mabamba huinamia baharini, sawasawa na mteremko wa mchanga uliokuwapo. Nimewahi kuweka pimamaji juu yake. Hakuna fundi amwagaye zege namna ile. Na si msomaji wetu peke yake aliyekosea: Bimini, visiwani Bahamas, mwaka 1968 safu ya mawe kama hayo ilionekana chini ya maji, watu wakasema ni barabara ya mji uliozama.

Linaloniuma ni hili. Jiwe hilo likionekana, ujue mchanga uliolifunika umeondoka. Likianikwa hugeuka jeusi kwa mwani mdogo, konokono wa baharini hulikwangua wakitafuta chakula, mawimbi hulichimba kwa chini mpaka bamba likatike lianguke. Mchanga ukirudi, hufunikwa tena. Lakini mwaka juzi mwenye kiwanja jirani na kwao mama yangu alikodi vijana wenye nyundo, wakavunja bamba lote lililokuwa mbele yake, mawe akajengea ua. Bamba lile ndilo lililokuwa likipokea wimbi la bamvua kabla halijafika kwetu. Kusi iliyofuata, mnazi alioupanda babu ulibaki mizizi nje. Sasa umelala.

Namwomba msomaji mwenzangu, kabla ya kuagiza nyundo, aulize kwanza mchanga wa pale umekwenda wapi, na kama kuna anayeuchota kwa malori.

Fundi mwashi,
Pangani, Nairobi