Wanaouza mizinga ya nyuki wafundishe kwanza kufuga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na watu wa makundi mawili: wanaouza mizinga ya nyuki, na wanaotaka kuinunua kwa mara ya kwanza. Kila inapokaribia Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani, matangazo ya mizinga huwa mengi redioni na kwenye simu. Maneno yao hayatofautiani: lipia mizinga hamsini au mia, tutakutundikia, wewe subiri ndoo za asali. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Manyoni, mkoani Singida, na nafuga nyuki. Mizinga ya namna hiyo naiona porini kwetu. Mingine imeliwa na mchwa, mingine imegeuka nyumba ya mijusi na panya, na mwenye nayo yuko mjini, hajui hata njia ya kufika ilipo.

Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa. Natamani wafugaji wawe wengi kuliko walivyo. Tuna misitu ya miombo upande wa magharibi, tuna vichaka vya Itigi ambavyo asali yake inasifika, tuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, tuna chuo cha ufugaji nyuki pale Tabora. Mzee Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliihimiza kazi hii hadharani, na wengi tulimsikia. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na anayeanza mpaka apite msimu wake wa kwanza.

Kikundi chetu cha akina mama kilipata mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake, tukanunua mizinga ya viunzi vya juu, yaani masanduku yenye vijiti vya mbao vilivyopangwa juu ili nyuki waning'inize masega yao, kwa muuzaji mmoja aliyekuja na picha nzuri. Mizinga ilikuja imepakwa rangi nje na ndani, inang'aa. Tulimwita babu mmoja jirani, mrina asali tangu ujana wake, aje atuonyeshe miti ya kutundikia. Hakuangalia miti. Alifunua mfuniko, akaingiza pua ndani, akaufunga tena. Kisha akatoa kiunzi kimoja, akakiweka kwenye kiganja, akaomba rula ya mwanafunzi.

"Mama, hiki kina upana gani?"

Kilikuwa na sentimita nne.

"Babu, kwani ubao si ubao tu?" mwenzetu mmoja akauliza.

Akatueleza, na hili naomba kila anayeanza alishike. Nyuki hujenga sega lake katikati ya kiunzi iwapo tu upana wake unalingana na nafasi wanayoitaka wao kati ya sega na sega. Kwa nyuki wetu wa Afrika kiunzi kinatakiwa kiwe na milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, wao hutaka kama 35. Kiunzi kikizidi, nyuki huanza vizuri kwenye kiunzi cha kwanza, cha pili wanapinda, cha tatu sega limekwishavuka na kushika viunzi viwili kwa pamoja. Siku ya kuvuna ukiinua kimoja unapasua masega mawili, asali inamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki, nyuki wanakasirika, na faida yote ya mzinga wa kisasa imekwisha. Hapo ni heri mzinga wa gogo wa kienyeji.

Kuhusu rangi alisema maneno machache: nje paka ukitaka, ndani usiguse. Nyuki wanaokwenda kutafuta makazi huingia kwanza kukagua, na harufu ya rangi huwafukuza. Tulikwangua ndani kwa msasa, tukaiacha mizinga wazi juani mpaka harufu ikaisha. Viunzi tulichongesha upya kwa fundi seremala wa hapa kwetu. Gharama hiyo ilitoka mifukoni mwetu, na muuzaji hakupokea simu tena.

Ndiyo maana nasema na wauzaji. Mtu anayeuza mzinga bila kujua milimita 32 anauza sanduku la mbao.

Baada ya mzinga kuwa sawa, anayeanza hukutana na swali ambalo tangazo halilijibu: nyuki watatoka wapi? Huku kwetu hatununui nyuki. Tunawaalika. Makundi hugawanyika na kuhama maua yanapokuwa mengi, na mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo mzinga uwe umekwishatundikwa kabla vichaka havijachanua. Ukiutundika Juni, kiangazi kimeingia, utakaa mtupu mpaka mvua zijazo, na mwenye mzinga atasema eneo hili halina nyuki. Nyuki wapo. Wamekaa kwenye mapango ya mibuyu wakisubiri maua kama wewe.

Cha kuwavutia ni nta. Yeyusha nta safi, ipake mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi kwa upande wa chini, paka kidogo na mlangoni. Wengine husugua mchaichai ndani ya mzinga, na nyuki huipenda harufu yake. Nta haiuzwi kila duka, lakini kwa warina asali wa kienyeji ipo, tena wengi wao huitupa na masega yaliyokamuliwa. Mwombe, au mnunulie. Ukifika mavuno yako mwenyewe usiitupe: masega yachemshe na maji, chuja kwa kiroba kisafi, acha ipoe, nta itaganda juu.

Mahali pa kutundika pawe mbali na nyumba, njia ya shule na zizi la mifugo. Mita mia tatu si nyingi. Ng'ombe aliyefungwa kamba karibu na mzinga hana pa kukimbilia. Pawe na kivuli, na pawe na maji karibu. Maji ndiyo watu husahau. Agosti na Septemba, mito ikikauka, nyuki wako watakwenda kwenye bomba la kijiji na kwenye ndoo za akina mama, na hapo ugomvi na majirani umeanza. Weka karai la maji karibu na mizinga, ujaze mawe na vijiti ili nyuki wapate pa kusimama wasizame, na usiliache likauke.

Mzinga uning'inie kwa waya, kiasi cha kifua chako. Kwetu akina mama urefu huu ndio uliotufungulia kazi hii, maana zamani magogo yalikaa juu kabisa mitini na aliyepanda ni mwanamume. Waya zipakwe grisi kuzuia siafu na sisimizi, na majani chini yafyekwe yasiguse mzinga. Nyegere ni habari nyingine. Ana nguvu na hakati tamaa, na mzinga uliowekwa chini ni chakula chake. Sisi shina la mti tumelizungushia kipande cha bati ili makucha yateleze.

Sasa vazi. Hapa nina uchungu, kwa sababu nimeona vijana wawili wakipewa mizinga ishirini na hawakupewa vazi hata moja. Walitia mifuko ya nailoni mikononi, wakajifunga kanga usoni. Nyuki wetu si wapole. Mmoja akichoma, mwiba unaobaki kwenye ngozi hutoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake wachome palepale. Vijana wale walikimbia, wakaacha mzinga wazi, na hawajarudi tena kwenye kazi ile. Mizinga ishirini imekufa kwa kukosa vazi la watu wawili. Ningekuwa mimi mwenye fedha ile, ningenunua mizinga michache tu na mavazi mawili kamili: kofia yenye wavu, ovaroli jeupe, glovu ndefu, buti, na bomba la moshi. Mavazi mawili, kwa sababu mtu haendi kwenye nyuki peke yake.

Ukichomwa, mwiba uukwangue upesi kwa ukucha, usihangaike kutafuta kibano, kisha puliza moshi pale ulipochomwa kufunika ile harufu. Uvimbe na maumivu ni kawaida. Lakini mtu akianza kuvimba midomo au koo, kuhema kwa shida, au kuzimia, hiyo si ya kusubiri asubuhi, akimbizwe hospitali. Kabla hujaingia kwenye kazi hii jiulize kama umewahi kupata hali hiyo, na mwulize na mwenzako.

Kwenye bomba la moshi tia kinyesi kikavu cha ng'ombe, magunzi ya mahindi au maranda ya mbao. Usitie mpira, plastiki wala mafuta ya taa. Moshi wake unanuka, na asali hushika harufu haraka. Sisi hufungua jioni jua likizama, nyuki wametulia na watu wamekwisha rudi majumbani. Giza likiingia, tochi funika kwa kitambaa chekundu, maana nyuki hawaioni rangi nyekundu na hawatairukia.

Mara ya kwanza nilipoinua kiunzi kilichojengwa vizuri sikutaka kukirudisha. Sega lilining'inia limenyooka, jeupe upande wa juu ambako asali imezibwa, katikati chavua ya njano na ya machungwa imeshindiliwa vyumbani, chini majana, na nyuki wameshikana miguu ukingoni kama mnyororo. Nyuki kibarua huchukua kama siku 21 tangu yai mpaka anatoka, dume 24, malkia 16 tu. Ukilijua hilo, ukiangalia sega unajua kundi lako lina hali gani. Mayai na majana yakiwepo, malkia yupo.

Kuvuna hakuhitaji maneno mengi. Chukua masega yaliyozibwa kwa nta nyeupe, angalau robo tatu yake. Ambayo hayajazibwa yana maji mengi, asali yake itachacha kwenye chupa na mteja hatarudi. Yenye majana usiguse. Na usimalize yote, waachie chakula cha kiangazi, la sivyo watahama. Ndoo iwe ya chakula, kavu, yenye mfuniko. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa haifai hata uioshe mara ngapi.

Nimesema mimi ni mkulima wa alizeti, na ni alizeti iliyonileta kwenye nyuki. Shamba lililo karibu na mizinga vichwa vyake hujaa mpaka katikati. Kwa hiyo nawaomba wakulima wenzangu: Machi na Aprili, maua yakiwa wazi, msipulizie dawa za wadudu asubuhi wala mchana. Kama hamna budi kupulizia, fanyeni jioni nyuki wakiwa wamerudi, na mwambieni mwenye mizinga siku moja kabla ili afunge milango. Msimu mmoja tuliokota nyuki mlangoni kwa viganja, wengine bado wanatetemeka miguu, na shamba lililopuliziwa lilikuwa hatua chache tu. Mwenye shamba hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewahi kumweleza.

Ombi langu kwa halmashauri zinazokopesha vikundi ni hili. Fedha ya muuzaji isitoke yote siku ya kupokea mizinga. Afisa nyuki wa wilaya aje na rula, apime viunzi, anuse ndani, ahesabu mavazi. Sehemu inayobaki ilipwe baada ya muuzaji kurudi mvua zikiwa zimeanza, akafungua mzinga mmoja mbele ya kikundi na kuwaonyesha yai, jana na asali iliyozibwa. Maafisa nyuki ni wachache na kata ni nyingi, nalijua hilo. Basi warina asali wa zamani waitwe, walipwe posho, wafundishe. Wanaijua miti na majira kuliko sisi sote, na wengi wao umri umekwenda.

Na wewe unayetaka kuanza, usikopee mizinga hamsini. Nunua miwili au mitatu, mavazi mawili, bomba moja. Tafuta mfugaji aliye karibu, umwombe ukamsaidie kuvuna kabla hujavuna kwako, utajua siku hiyohiyo kama unaiweza sauti ya nyuki masikioni. Kama uko Singida au Dodoma, mizinga iwe mitini Oktoba.

Mkulima wa alizeti na mfugaji nyuki,
Manyoni, Singida