Ahsante wewe uliyetuchagulia vitabu

Wewe uliyeniandikia orodha ya riwaya za fantasia na vitabu vya katuni vya kusoma na marafiki zangu, popote ulipo, ahsante sana. Hukunirundikia majina. Uliuliza kwanza: nani kati yenu huchoshwa na kurasa ndefu, nani anapenda mazimwi, nani hataki habari za vita? Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Kwa rafiki yangu aliyeapa kwamba kusoma si kazi yake, ulichagua Bone ya Jeff Smith, katuni iliyotoka toleo kwa toleo tangu 1991 hadi 2004. Alianza kwa kucheka, akaishia kukesha nayo. Mimi ukanipa A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, ambamo anayelijua jina la kweli la kitu ana nguvu juu yake. Na yule kijana anayewindwa na kivuli alichokifungulia mlango mwenyewe! Nilipofika mwisho nilikaa kimya kitambo kirefu.

Siku hizi tukipeana vitabu, tunaanza na maswali yako. Jina lako silijui hadi leo, lakini tunakutaja kila mara.