Mhariri, yule mjusi wa kwenye picha yenu hajawahi kukanyaga Afrika

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma muda mrefu na makosa yenu nayavumilia. Majina ya vijiji mnakosea nanyamaza, picha ya Meru mnaandika Kilimanjaro nanyamaza. Ila ile habari ya dinosaria wa Tanzania, kurasa mbili nzima, hapana jamani, hiyo imenishinda.

Kwanza picha. Yule mwenye meno na vijikono vifupi ni Tyrannosaurus, kwao Amerika Kaskazini, huku hajawahi kufika. Na hata angefika asingewakuta wale dinosaria wa kwetu, waliochimbwa Tendaguru, maana wao wameishi kama miaka milioni 150 iliyopita, yeye kaja mwishoni kabisa, dinosaria wanakaribia kwisha, hiyo ni miaka milioni 66 iliyopita. Halafu mkaandika mifupa ilichimbwa Olduvai! Olduvai hata ukishuka chini kabisa unakuta miaka milioni mbili hivi, pale ni mambo ya Zinjanthropus, lile fuvu la binadamu wa kale la 1959. Tendaguru iko Lindi. Labda mwandishi wenu kachanganya kwa sababu ya Hans Reck, yule Mjerumani aliyechimba Tendaguru kisha 1913 akaenda Olduvai, au Louis Leakey, yule mtafiti wa Olduvai, ambaye kabla hajawa na jina alikuwa Tendaguru 1924 na msafara wa Waingereza, lakini hapo naona namsifia bure, nahisi hata ramani hakufungua.

Sasa niwaambie mlichonifanyia. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, Jumapili sikuwa na safari nikawapeleka wanangu bustani moja ya watoto nje kidogo ya mji, jina naliacha. Wamejenga mjusi wa simenti, kijani, mdomo wazi, chini kuna kibao DINOSARIA WA OLDUVAI. Nikamwita kijana wa getini, nikamwambia kwa upole kabisa, mdogo wangu hiki kibao si sahihi. Kanijibu "mzee wangu mbona iko kwenye gazeti", akatoa simu, akanionyesha habari yenu na picha ileile! Watu wakasogea, mama mmoja anasema hawa madereva wa watalii wanajifanya wanajua kila kitu, mwanangu mkubwa naye ananivuta shati, baba acha, gazeti limeandika. Yaani nimesimama mbele ya foleni ya bembea namweleza mtu habari za Kentrosaurus, wa Tendaguru huyo, mita nne na nusu hivi pua mpaka mkia, mgongoni mbele ana vibao nyuma ana miiba inashuka mpaka mkiani, mla majani, mtaalamu wa Kijerumani Edwin Hennig kampa jina 1915, nikaeleza Wamwera na wenzao walivyochimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na watu kwa miguu mpaka Lindi, zaidi ya tani 200 zikapanda meli kwenda Ujerumani, na kwamba msimamizi wao Boheti bin Amrani ana dinosaria mwenye jina lake tangu 2007, Australodocus bohetii, nyie kwenye kurasa mbili hamkumtaja hata kwa bahati mbaya, mmeandika tu "Wajerumani walichimba", walichimba na nini, na miavuli? Kijana kanisikiliza mpaka mwisho halafu kaniuliza nimelipia watoto wangapi.

Na kila mkigusa mada hii ni yuleyule mrefu wa Tendaguru aliyeko makumbusho ya Berlin, Giraffatitan, mita 13 na ushee kwenda juu, arudishwe Tanzania asirudishwe. Sikatai, mjadala uendelee. Lakini wengine je? Kuna Nyasasaurus, mifupa yake imeokotwa huko karibu na Ziwa Nyasa miaka ya 1930, ikakaa makabatini mpaka 2012 ndipo ikatangazwa rasmi, na huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, kama si dinosaria basi ni ndugu yao wa karibu kabisa, miaka milioni 240 na zaidi. Hiyo si habari ya ukurasa wa kwanza? Kuna Mnyamawamtuka wa bonde la Rukwa, katangazwa 2019, pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Nyie mlichoona cha maana ni Pakasuchus na mkamwita dinosaria, wakati ni mamba! Mamba mdogo saizi ya paka, ana meno ya kutafunia kama ya mnyama anayenyonyesha, ajabu kweli, ila mamba.

Shule nazo zinachangia. Mzazi unalipishwa ziara ya kimasomo, basi linajaa, watoto wanapelekwa kwenye bustani kama hizo wanarudi wamelowa bwawani na soda mkononi, ukiuliza mmejifunza nini unaambiwa tumeona mjusi. Hivi mwalimu anayesindikiza huwa anafanya nini, analinda mabegi? Na chipsi za huko bei yake tusiizungumzie.

Radhi msiombe, hamjazoea. Mimi nashauri zile hela za shindano lenu la kujishindia pikipiki mnunue nondo, muwape mafundi wa kuchomelea pale Unga Ltd wasuke Kentrosaurus mmoja wa saizi yake halisi, awekwe kwenye kipilefti chochote chenye nafasi, miiba ikae nyuma na vibao mbele, siyo kinyume, nitakuja kukagua. Simenti mfuko mmoja natoa mimi. Rangi chagueni wenyewe, maana rangi yake hakuna anayeijua, hapo angalau hamtakosea.

Dereva wa watalii,
Ngaramtoni, Arusha